Picha ya Akiba

Kwenye kompyuta ya dalali Shamte, kiwanja kilipendeza mno: nyasi zikiyumba, nyumba ya mfano ikizunguka yenyewe. Bi Mwanakheri hakupenda kitu kinachopendeza mno. Akatoa simu yake kuukuu, akafungua ukurasa uleule.

"Simu hiyo haina nguvu, mama," Shamte akasema haraka. "Itakuletea picha ya akiba tu, mistari mitupu. Tazama hapa kwangu."

"Niache niione hiyo mistari."

Kweli simu ilishindwa. Badala ya nyasi ikaleta mchoro mkavu wa mpima ardhi: ukuta, njia, kisima. Nyuma ya kisima palikuwa na mistatili mitatu myembamba, mmoja mfupi kuliko mingine.

"Hii nini?"

"Matuta ya maua hayo."

Mwanakheri akautafuta mshale wa kaskazini, akaigeuza simu taratibu.

"Maua gani, baba, yanayolazwa kuelekea kibla?"

Shamte akajifanya anafuta kioo cha kompyuta. Mwanakheri akaweka kidole juu ya ule mstatili mfupi.

"Na huyu mdogo alikuwa nani?"

Kwenye kompyuta, nyasi ziliendelea kuyumba.