Nati za Upande wa Ukutani

Oswaldi alikuwa amening'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, miguu yote miwili hewani, na nati haikusogea.

Alijishusha, akapangusa jasho, akachungulia chini ya lori kuelekea msikitini. Viatu vya Lukmani bado vilikuwa mlangoni. Muda wa kujaribu nati nyingine moja ulikuwepo.

Kisa chenyewe ni hiki. Muhidin, tajiri wa malori pale Majengo, alikuwa amenunua lori jipya ambalo bado lilinuka rangi. Madereva wake walikuwa wawili. Lukmani, kijana mpole asiye na maneno mengi, alipewa lori hilo kwa majaribio ya mwezi mmoja: ateremke mlima wa Muze na kupanda, mara tatu kwa wiki, asipoteze hata nati moja ya gurudumu. Akipoteza, lori linakwenda kwa Oswaldi. Asipopoteza, Oswaldi anabaki na lile kuukuu la wanajeshi, lililosalia baada ya vita vya Hitla, ambalo kila mlima lazima abiria washuke walisukume.

Shida ni kwamba Oswaldi alikuwa ameshatangaza. Siku lori lilipofika, fundi aliyelileta kutoka Mbeya aliwaita madereva wote wawili awafundishe matunzo yake, kuanzia grisi hadi magurudumu. Oswaldi hakukaa. Alisema nati ni nati, na yeye alianza kuzikaza fundi huyo hajaota meno. Akapanda baiskeli hadi Mollo kumweleza mama mkwe wake, Mama Bertilla, kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi atampeleka misani kwa lori jipya, amekaa mbele. Mama Bertilla akawaeleza majirani. Majirani, ambao hawakuwa na habari nyingine wiki hiyo, wakaieleza Mollo nzima.

Sasa mtu aliyejitia kitanzi namna hiyo atafika kwa mkwe na lori la kusukuma?

Basi akaanza. Tuseme ukweli, hakutaka mtu aumie. Ule mlima una kona ambazo hata mbuzi huzipita kwa adabu. Alitaka nati moja tu idondoke, sharti litimie. Kila lori lilipokuwa mjini, Lukmani aliliegesha ubavu wa kushoto ukielekea ukutani, akaenda kuswali adhuhuri. Hapo Oswaldi alijipenyeza pale ukutani, akashika nati, akageuzia kushoto ili ailegeze, kama dereva yeyote ajuavyo.

Wiki ya kwanza zilisogea kidogo. Wiki ya pili zikawa ngumu. Wiki ya tatu alikuja na bomba la kurefushia spana, bomba likapinda. Akaamini Lukmani anazikaza upya kila jioni, na kwa mara ya kwanza akamwogopa yule kijana. Mikono myembamba vile inapata wapi nguvu? Tena kila alfajiri alimkuta upande wa kulia wa lori, anakaza nati kwa kukingamanisha: ya juu, kisha ya chini, kisha za pembeni. Oswaldi akadhani za kushoto ameshazimaliza.

Mwezi ukaisha. Muhidin alilizunguka lori mara mbili, akihesabu nati kwa kidole. Hakuna iliyopungua. Akamkabidhi Lukmani ufunguo mbele ya watu na kusema kwamba kazi ya gari inataka mtu makini.

Oswaldi alipiga makofi pamoja na wengine, lakini roho ilimuuma kweli. Hakuwaza lori tena. Alimuwaza Mama Bertilla, amejifunga kanga mpya, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, na Mollo nzima imesimama nyuma yake.

Jioni Lukmani alimfuata nyumbani. "Kaka Oswaldi, shikamoo. Mama asihangaike Jumapili. Nitampeleka misani mimi, na atakaa mbele."

"Kwa nini unifanyie hivyo?"

"Ni shukrani tu, kaka."

"Shukrani ya nini?"

Lukmani akaangalia pembeni, maana ni vigumu kumsema mkubwa wako. "Siku ile ya fundi ulikuwa umeshaondoka. Nati za kushoto za gari hili zimekatwa kinyume. Ukizigeuzia kushoto ndiyo unazikaza. Mara ya kwanza nilipokuona pale ukutani nilitaka kupiga kelele. Nikatazama mkono wako unageuzia wapi, nikaenda zangu kuswali, na mwezi mzima nimekaza upande mmoja tu."