Pikipiki ya Kumrudisha Mama Mkwe

Karani alikaa nyuma kabisa ya kiti cha pikipiki, akakishika kile chuma cha kushikia kwa mikono miwili, akaanza kujitikisa kushoto na kulia kama mtu anayepepeta mchele. Muuzaji alimtazama kwa mshangao. Wanunuzi wa pikipiki ya kwanza huanza na usukani. Wengine huanza na honi. Huyu alikuwa ameanzia mkiani.

"Hiki kinacheza," karani alisema, akashuka. "Tuone nyingine."

Pembeni alisimama mama mkwe wake, mkoba kwapani, akizikagua pikipiki jinsi alivyozoea kukagua mashuka. Wote wawili walifanya kazi hospitali moja: karani kwenye mafaili ya wagonjwa, mama mkwe kwenye chumba cha kufulia, ambako alikuwa mkuu na aliogopwa hata na madaktari.

Shida ilikuwa usafiri. Mama mkwe aliishi ng'ambo ya mji, na magari ya kwenda huko yaliisha mapema jioni. Baada ya harusi ya karani alipita kwa binti yake alale usiku mmoja tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini nani atathubutu kumpa mama mkwe jembe? Sasa kochi la sebuleni lilikuwa lake, rimoti ilikuwa yake, na kila maharusi walipocheka chumbani, ukuta ulikohoa. Karani alimpenda mama wa watu, tena sana. Ila alitamani siku moja acheke nyumbani kwake.

Ndipo likazuka wazo la pikipiki. Asubuhi waende kazini pamoja, jioni mama alale kwake. Mkewe alikuwa amemwonya mlangoni asubuhi ile: wakirudi bila pikipiki, mama anahamia moja kwa moja, kwa sababu ameshaanza kuulizia kabati.

"Umewahi kuendesha, bosi?" muuzaji aliuliza.

"Mimi? Hata baiskeli."

Muuzaji alitikisa kichwa kwa huruma. Akaeleza kwamba mtu anayeanza asitafute sifa. Achukue ndogo, nyepesi, ambayo akiikalia nyayo zote mbili zinakanyaga chini, maana wageni wengi huanguka pikipiki ikiwa imesimama, mbele za watu, bila hata kuonja mwendo. Karani aliafiki kila neno. Akauliza kama kuna ambayo haikimbii kabisa. Muuzaji akadhani ni utani.

"Hata ikigoma kupanda mlima, sitalalamika," karani alisema, na uso wake haukuwa na utani wowote.

Mama mkwe aliinua kidevu kuelekea jekundu moja kubwa lililowekwa dirishani, lenye tangi kama tumbo la tajiri. Aliuliza lile lina ubaya gani. Karani alisema kwa adabu zake zote kwamba lile ni refu, mama hatalifikia. Mama mkwe aliguna. Ndogo moja waliyoonyeshwa naye akaikataa, kwa kuwa ilinguruma kama cherehani, na yeye hawezi kuonekana kwenye geti la hospitali juu ya cherehani. Walivutana kwa heshima hadi muuzaji akaanza kutazama saa.

Mwishowe wakaifikia ya bluu. Haikuwa kubwa wala ndogo, kiti kilikuwa cha chini, tena kirefu. Muuzaji akaonyesha vitu vyake: breki ya mbele mkono wa kulia, klachi mkono wa kushoto, breki ya nyuma mguuni. Karani alisikiliza kama mwanafunzi siku ya mtihani, midomo ikirudia bila sauti. Mama mkwe muda wote huo alikuwa anajitazama kwenye kioo cha pembeni na kuweka sawa kitambaa cha kichwa.

Karani akapanda tena nyuma kabisa. Akashika chuma, akajitikisa. Chuma kikatulia. Uso wake ukachanua.

Muuzaji alishindwa kuvumilia. Akauliza hicho chuma kina nini hasa.

Karani alishusha sauti. "Yule ni mama mkwe wangu. Haiwezekani tukifika kwenye kona tuanze kukumbatiana barabarani."

Hapo muuzaji alielewa, maana naye alikuwa na mkwe. Alileta spana akakaza nati zote za kile chuma bila kuombwa, kisha akashauri mkoba wa mama ukae katikati, uwe mpaka. Karani alimshukuru karibu alie.

Wakachagua kofia ngumu. Mama mkwe alichukua nyekundu, pengine kwa kulikumbuka lile la dirishani. Pikipiki ikasukumwa hadi nje, kando ya barabara, na muuzaji akampa karani mkono wa pongezi na kumkabidhi ufunguo.

Karani aliushika kidogo. Aliwaza sebule tupu na mkewe akicheka kwa sauti hadi majirani wasikie. Akapiga moyo konde, akampa mama mkwe ufunguo.

Mama alikunja gauni, akaketi mbele, akaiwasha.

"Panda, mwanangu," alisema, huku akiminya chochote kilichokubali kuminywa. "Halafu nikumbushe, breki ni mkono gani?"