Aliyeambiwa Apige Kelele

Saa nne na dakika kumi na mbili, na hakuna mtu aliyekuwa akizama.

Mwokoaji alishuka kwenye kiti chake kirefu, akapanda tena, akayakodolea macho maji. Bahari ilikuwa shwari mpaka inaudhi. Mawimbi yalipasukia mbali, juu ya mwamba unaouzunguka ufukwe, na yaliyopita yakafika mchangani yamechoka. Watoto walimwagiana maji kwa ndoo. Akina mama walisimama majini hadi kiunoni wakipiga soga.

Nyuma yake meneja alikuwa ametulia chini ya mwavuli. Jana alimwambia mwokoaji waziwazi kwamba maji yale ni beseni, na beseni halihitaji mlinzi. Miaka sita mtu analipwa, na alichowahi kuokoa ni mipira na kandambili. Leo angekuja kumtazama kwa muda, kisha aamue kama kazi ipo au haipo.

Maneno hayo yalimchoma. Kushoto, chini ya mwamba, kulikuwa na shimo ambalo wageni hawalijui, na kila siku alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma, akiwafukuza watu pale. Hilo meneja hakulihesabu kuwa ni kazi.

Ndipo akamtafuta fundi wa friji, jirani wa dada yake, mtu ambaye hajawahi hata kuonana naye. Walielewana kwa simu: fulana ya njano, saa nne kamili, kule kushoto. Alimsisitizia mara tatu kwamba ainue mikono yote miwili na apige kelele, hata kama ni matusi. Fundi akauliza kama watu huzama hivyo. Si hivyo, mwokoaji akamjibu, lakini meneja anajua hivyo.

Hatimaye fulana ya njano ikaonekana ikielekea kushoto, taratibu, utadhani mtu hana miadi. Mwokoaji akaiacha filimbi ining'inie kifuani.

Jamaa akafika shimoni na kuanza vituko vyake. Hakupunga mkono. Hakuita. Alirudisha kichwa nyuma, mdomo sawasawa na maji, mikono ikikandamiza maji kwa chini. Akazama kidogo, akaibuka, akazama tena. Mama mmoja aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale aliendelea kumsafisha mwanawe masikio.

Meneja akatazama saa.

"Piga kelele, wewe," mwokoaji alinong'ona, meno yameumana. Mara tatu nzima amemfundisha, na bado mtu anazama kimyakimya kama anayeiba sukari jikoni.

Aliposikia meneja anakunja mwavuli, aliona hana budi. Akapuliza filimbi kwa nguvu zote, akaruka kutoka kitini, akakimbia na kujitosa. Aliogelea kwa hasira tupu. Fulana ya njano ilikuwa imeshaenda chini. Akaifuata huko huko, akamkamata jamaa kwapani na kumvuta juu. Alikuwa mzito ajabu.

"Jisaidie basi, rusha hata teke," alimwambia sikioni.

Jamaa hakujisaidia. Mwokoaji akamfinya ubavuni, naye hakushtuka. Sasa ndiyo unaigiza, aliwaza kwa uchungu, huku hakuna anayetuona.

Mchangani alimlaza, akamwinamia, akafanya yote aliyofundishwa, hatua kwa hatua, kwa sababu meneja alikuwa amesimama juu yao. Maji yakamtoka jamaa mdomoni na puani, kisha kikohozi kirefu kibaya. Angalau hapo alijitahidi. Watu walikwisha kujazana. Mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata.

Meneja alikuwa ameduwaa, mwavuli umemwanguka.

"Dada," alisema, "kesho njoo kazini kama kawaida."

Mwokoaji akashusha pumzi. Akainama kumwambia jamaa apunguze kukohoa, yamekwisha, kazi imepatikana. Kabla hajafungua mdomo, mtu akamgusa bega kwa nyuma. Alikuwa anahema, na fulana yake ya njano ilikuwa kavu.

"Dada, samahani, pikipiki imenizimikia njiani," alinong'ona, macho kwa yule aliyelala mchangani. "Kumbe umeshampata mwingine. Na huyu anaiweza kweli."