Rekebisho la Mgeni

Tangu serikali ipige marufuku ujumbe wowote isioweza kuusoma, Maimuna alikuwa akiunda kwa siri programu ya kutumiana ujumbe uliofungwa, simu kwa simu. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu hiyo, aliuweka wazi mtandaoni bila kutaja jina lake, na watu asiowajua walimletea marekebisho.

Asubuhi moja alipokea rekebisho la mtu aliyejiita Mgeni. Alilisoma mstari kwa mstari. Ndani yake ulikuwa umefichwa mwanya ambao serikali ingepitia kusoma kila ujumbe.

"Mama Shani," mumewe, Kombo, aliita kutoka jikoni, "mbona hujalikubali bado?"

Maimuna hakuwa amemwambia kitu kuhusu rekebisho hilo. Aligeuka. Kombo alisimama mlangoni, sufuria ya uji mikononi.

"Watu wa serikali walinifuata kazini," alisema. "Wanajua ni wewe. Wameniapia ukilikubali hilo tu, watatuacha."

"Na wanaotuamini je, Baba Shani?"

Maimuna alilikataa rekebisho, akawaandikia watumiaji wote wajihadhari.

Alipoinuka, alimkuta Kombo amepiga magoti sebuleni, akimvalisha binti yao, Shani, viatu na kumnong'oneza asiulize wote watatu wanakimbilia wapi.