Nishani ya Mgongoni

Jina lake lilipotajwa, Bi Mashavu alipanda jukwaani na kanga yake ileile kuukuu, ingawa watu wa itifaki walimsihi tangu asubuhi avae gauni walilomnunulia. Kanga hiyo ndiyo aliyolifungia sanduku la kura mgongoni kama mwana siku ya uchaguzi, akapita nalo katikati ya wenye virungu hadi kituo cha kuhesabia.

Waziri alimsogelea na nishani. Bi Mashavu akamtazama usoni, akamtambua: ndiye aliyesimama mlangoni pa kituo cha kupigia kura siku ile, akiwaamrisha wale wenye virungu wamnyang'anye sanduku.

"Hongera, mama," alisema waziri, mkono ukielekea kifuani pake. "Taifa zima linajivunia ushujaa wako."

"Ahsante, mwanangu. Lakini kifua hakikubeba kitu."

Akampa mgongo mbele ya kamera zote, akainama kidogo, kama mama anayengoja kubebeshwa mtoto.

"Ichomeke hapa. Unapajua. Siku ile ulipaona vizuri nikiondoka."

Kisha mwanamke mmoja huko nyuma ukumbini akapiga kigelegele, wakadakia wengine, na waziri bado ameshika pini hewani.