Tunalijua Wawili

"Weka jina jipya la mtandao, mama, na neno jipya la siri," fundi akaniambia kwenye simu. "Hilo la zamani wanalijua wengi."

"Tunalijua wawili," nikamjibu. "Na mmoja hajakanyaga hapa, mwaka wa pili huu."

Nilikuwa hoi. Tangu kahawa ya asubuhi nilikuwa nimeikodolea macho ruta mpya ya intaneti, na taa yake nyekundu ikinikodolea mimi. Nikaandika yale yale ya zamani, aliyoyachagua mwanangu Torben kabla hatujakosana: jina la mtaa wetu na jina la mbwa wetu aliyekufa.

Taa ikawa ya kijani. Ukurasa kwenye kompyuta ukaonyesha vifaa vya karibu vilivyonasa mtandao. Kompyuta yangu. Chini yake, "Simu ya Torben".

"Mama, imekubali?" fundi akauliza kwenye simu.

Nilitazama upenyo wa chini ya mlango. Mwanga wa ngazini ukazimika wenyewe, kama unavyozimika kila mara dakika chache baada ya mtu kuuwasha, na huko nje hakuna aliyeuwasha tena, wala aliyebonyeza kengele.

Nikajiinua na magoti yangu mabovu, nikafungua mlango gizani.

"Vua viatu," nikasema. "Supu ya viazi inapoa."