Biskuti za Afande

Sheria ya mtaa ilikuwa fupi. Kila Krismasi, kila nyumba impikie Afande, mbwa wa ulinzi, biskuti za zawadi. Nyumba ambayo biskuti zake atazikataa, ihame kabla jua halijazama.

Ndeshi alikuwa anakanda maini ya kusaga na unga wa mahindi, jirani yake Mama Aikande akaingia bila hodi.

"Unatia nini humo, mchawi wewe?"

"Maini na unga tu, dada. Chumvi usitie hata chembe. Afande akiionja anatema."

Mama Aikande alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe uniambie mimi ukweli? Miaka sita hata salamu hatupeani!" Akatoka mbio, na punde Ndeshi akamsikia dukani akiitisha pakiti nzima ya chumvi.

Asubuhi ya Krismasi Afande alimeza biskuti za Ndeshi bila hata kutafuna. Kwa Mama Aikande alionja moja, akaitema, akaenda zake.

Mama Aikande alipita na godoro kichwani, wanawe nyuma yake wakilia. "Umeniua, nyoka wewe!"

"Si nilikwambia ukweli?"

Afande akaja kujilaza mlangoni pa Ndeshi, akamramba vidole. Mama mkwe wa Ndeshi alikuwa ameona yote kutoka ndani.

"Ulijua hatakuamini," alisema. "Na mwakani, mwanangu, ukweli utamwambia nani?"

Ndeshi alikuwa anamtazama jirani mpya akishusha vyombo mbele ya nyumba aliyohama Mama Aikande.